Bomba Baridi la Eksirei: Handeni na Korogwe Zitarajie Nini?

Na Mwandishi Wetu

Wananchi wanaofuatilia taarifa za Serikali wamezoea kusoma kwamba hospitali au kituo cha afya fulani kimepokea mashine ya kisasa ya eksirei. Neno "kisasa" hupita haraka machoni, lakini ndani yake mna swali la fedha za umma na la uhai wa watu. Mashine ikichaguliwa vizuri, mgonjwa wa kifua hugunduliwa mapema na aliyevunjika mguu hutibiwa karibu na nyumbani. Ikichaguliwa vibaya, husimama ndani ya chumba kilichofungwa huku wagonjwa wakiendelea kupanda basi kwenda mbali.

Katika miaka ya karibuni imeingia katika soko la dunia aina ya mashine za eksirei ambazo kiini chake hakifanani na kile kilichotumika kwa zaidi ya miaka 100. Badala ya uzi wa chuma unaopashwa moto hadi kuwaka, mashine hizi hutumia mirija midogo mno ya kaboni, isiyoonekana kwa macho, ambayo hutoa elektroni bila kupashwa moto. Uchambuzi huu unaeleza teknolojia hiyo, faida zake za kweli na mipaka yake, na unaitazama kwa macho ya wilaya mbili jirani za Mkoa wa Tanga: Handeni na Korogwe.

Kwa nini Handeni na Korogwe

Wilaya hizi mbili zina halmashauri nne: Halmashauri ya Mji Handeni, Halmashauri ya Wilaya ya Handeni, Halmashauri ya Mji Korogwe na Halmashauri ya Wilaya ya Korogwe. Barabara ya lami yenye urefu wa kilomita 65 inaunganisha miji ya Korogwe na Handeni, na nyingine ya kilomita 54 inatoka Handeni hadi Mkata. Barabara hizo zimepunguza adha kubwa. Hata hivyo, mkazi wa Kwamsisi, wa milima ya Bungu na Vugiri au wa Mashewa bado anajua kwamba safari ya kwenda kupiga picha ya kifua inaweza kumgharimu siku nzima ya kazi, pamoja na nauli yake na ya ndugu anayemsindikiza.

Mahitaji nayo yana sura ya mahali penyewe. Barabara kuu inayopita Mombo, Korogwe, Segera na Mkata ina magari mengi na pikipiki nyingi, na ajali za bodaboda huleta wagonjwa wenye mifupa iliyovunjika. Handeni ina wachimbaji wadogo wa dhahabu, likiwamo eneo la Magambazi, na kazi ya kupasua na kusaga mawe hutoa vumbi la silika. Vumbi hilo huharibu mapafu taratibu, na mtu aliyeathirika nalo huwa katika hatari kubwa zaidi ya kuugua kifua kikuu. Korogwe ni nchi ya mkonge, na vumbi la nyuzi katika viwanda vya kuchakata zao hilo nalo ni suala la afya kazini linalojulikana.

Tanzania imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu. Dawa za ugonjwa huo hutolewa bila malipo, na matibabu ya kawaida huchukua miezi 6. Ugumu mkubwa basi uko katika kumpata mgonjwa kabla hajawaambukiza wenzake, zaidi ya ulivyo katika dawa zenyewe. Mwezi Machi 2021, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaokubali programu za kompyuta zisome picha za eksirei za kifua katika uchunguzi wa kifua kikuu kwa watu wenye umri wa miaka 15 na kuendelea. Tangu hapo, mashine inayoweza kupelekwa kijijini imepata uzito mpya katika mipango ya afya.

Bomba la kale linavyofanya kazi

Wilhelm Conrad Röntgen aligundua mionzi ya eksirei tarehe 8 Novemba 1895 katika mji wa Würzburg, Ujerumani. Mwaka 1913, William Coolidge wa Marekani alitengeneza bomba ambalo muundo wake bado ndio unaotumika katika hospitali nyingi hadi leo.

Ndani ya bomba hilo, ambalo hewa yake imeondolewa na kubaki ombwe, mna ncha mbili. Ncha ya kwanza ni kathodi, yenye uzi mwembamba wa tungsteni. Uzi huo hupashwa moto kwa umeme hadi nyuzi joto zaidi ya 2,000 za Selsiasi, na joto hilo huzifanya elektroni zichomoke katika chuma. Ncha ya pili ni anodi. Umeme wa volti makumi ya maelfu huzivuta elektroni kutoka kathodi hadi anodi kwa kasi kubwa, na zinapoigonga ndipo eksirei huzaliwa. Takribani asilimia 1 tu ya nguvu hiyo hugeuka kuwa eksirei, na sehemu yote iliyosalia huwa joto.

Bomba hili limetumika vizuri kwa zaidi ya karne moja, lakini lina gharama zake. Uzi wa tungsteni huhitaji muda wa kupata joto, na kila unapowaka chuma chake huyeyuka kuwa mvuke kidogo kidogo, hadi siku moja unakatika. Kuwasha na kuzima mkondo wa elektroni kwa haraka sana ni vigumu, kwa sababu chuma kilichopata moto hakipoi kwa amri. Aidha, transfoma ya kupasha uzi huo hukaa upande wa volti kubwa, na kwa hiyo huhitaji kinga nzito dhidi ya umeme.

Bomba jipya linavyofanya kazi

Mwaka 1991, mwanasayansi Sumio Iijima wa Japani alichapisha taarifa kuhusu mirija midogo mno ya kaboni aliyoiona kwa hadubini ya elektroni. Mrija mmoja ni kama karatasi ya kaboni yenye unene wa atomu moja, au karatasi kadhaa za namna hiyo, zilizoviringishwa. Kipenyo chake hupimwa kwa nanomita, yaani sehemu za bilioni moja za mita, ilhali urefu wake unaweza kuzidi kipenyo mara elfu na zaidi. Katika makala haya tunaiita mirija-nano ya kaboni.

Umbo hilo jembamba ndilo lenye siri. Mtu yeyote aliyeona radi ikipiga ncha ya mnazi au ya mnara anafahamu kwamba umeme hukusanyika penye ncha. Uga wa umeme unapowekwa mbele ya mirija-nano, nguvu yake katika ncha za mirija huongezeka mara mamia hadi maelfu. Kizuizi kinachozifunga elektroni ndani ya kaboni huwa chembamba kiasi kwamba elektroni hupenya na kutoka nje, bila moto wowote. Nadharia ya tukio hilo iliandikwa na Ralph Fowler na Lothar Nordheim mwaka 1928, miongo mingi kabla ya mirija-nano kujulikana. Mwaka 1995 watafiti walionesha kwamba mirija hiyo inaweza kuwa chanzo cha elektroni, na mwaka 2002 kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina, Marekani, lilionesha kwamba kathodi ya namna hiyo inaweza kutoa eksirei za kutosha kwa picha za uchunguzi wa tiba.

Kutoka hapo teknolojia iliingia viwandani. Kampuni ya Micro-X ya Australia ilitengeneza mashine za magurudumu zenye bomba la mirija-nano, zenye uzito wa chini ya kilo 100. Mashine za kawaida za magurudumu zenye injini ya kujiendesha, ambazo hutumika wodini, mara nyingi huwa na uzito wa kilo 400 na zaidi.

Faida zilizothibitika

Faida ya kwanza ni udhibiti. Mbele ya mirija huwekwa wavu wa chuma wenye volti ndogo kuliko ile ya anodi, na wavu huo ndio unaofungua na kufunga mkondo wa elektroni. Mkondo unaweza kuwaka na kuzimika ndani ya sehemu za milioni za sekunde. Kwa mgonjwa anayehema kwa shida au mtoto asiyetulia, picha fupi na yenye kipimo sahihi ni bora kuliko picha inayorudiwa.

Faida ya pili ni umbo. Kwa kuwa kathodi hizi ni ndogo na hazina uzi wa moto, vyanzo vingi vinaweza kupangwa kwa safu na kuwashwa kimoja baada ya kingine. Mashine inaweza kupata picha kutoka pembe nyingi bila kuzungusha bomba, na kompyuta ikajenga picha za tabaka kwa tabaka. Njia hiyo imefanyiwa utafiti katika uchunguzi wa matiti na wa kifua.

Faida ya tatu, ambayo ndiyo inayozihusu zaidi Handeni na Korogwe, ni uzito mdogo na uwezo wa kutumia betri. Hapa hesabu ndogo inasaidia. Picha inayotumia volti 100,000 na mkondo wa ampea 0.1 huhitaji wati 10,000, kiasi kinachotisha kwa zahanati yoyote. Lakini ikiwa picha hiyo inachukua sekunde 0.02, nishati yote ni juli 200, sawa na taa ya wati 10 inayowaka kwa sekunde 20. Betri nzuri huweza kulihifadhi hitaji hilo na kulitoa kwa mara moja, hata siku ambayo umeme wa gridi umekatika au volti zake zinayumba.

Yasiyobadilika

Ni wajibu kueleza pia mambo ambayo bomba baridi haliyabadilishi.

Eksirei inayotoka katika bomba baridi ni eksirei ileile. Neno "baridi" linahusu kathodi tu, na halina maana kwamba mionzi yake ni salama zaidi. Volti kubwa inabaki kuwa kubwa, na anodi inaendelea kupata joto kwa sababu ileile ya asilimia 1. Vilevile, wavu unaoongoza mirija nao unahitaji mfumo wake wa umeme, hivyo si kila kilo iliyopungua imetokana na kuondoka kwa uzi wa tungsteni.

Mirija-nano nayo ina maradhi yake. Ikiwa ombwe ndani ya bomba si safi, mabaki ya gesi hugeuka chembe zenye chaji zinazoigonga kathodi na kuila ncha. Mirija mirefu kuliko mingine hubeba mzigo mkubwa na kuungua kwanza, na mkondo hupungua au kuyumba kadiri bomba linavyozeeka. Idadi ya picha ambazo bomba litapiga kabla ya kuchoka ni jambo la kuandikwa katika mkataba wa ununuzi.

Zaidi ya hayo, bomba baridi si njia pekee ya kufika kijijini. Zipo mashine ndogo za kubeba mkononi, zenye uzito wa kilo chache tu, ambazo bado hutumia uzi wa moto na ambazo zimekuwa zikitumika duniani katika kampeni za kutafuta kifua kikuu. Kwa picha ya kifua pekee, mashine ya namna hiyo inaweza kutosha. Kwa nyonga au uti wa mgongo wa mtu mzima, inayohitaji nguvu zaidi, inaweza isitoshe. Halmashauri kwa hiyo inapaswa kuanza na orodha ya wagonjwa wake, ndipo itazame jina la teknolojia.

Kinywe cha Handeni hakina njia ya mkato

Wilayani Handeni huchimbwa pia madini ya kinywe, ambayo ni kaboni. Mtu akisikia kwamba moyo wa mashine mpya za eksirei ni kaboni, ni rahisi kudhani kwamba kinywe cha Handeni kitageuka mabomba ya eksirei na kuwatajirisha wachimbaji. Dhana hiyo inahitaji kusahihishwa mapema ili isiwe mtaji wa matapeli.

Mirija-nano mingi ya viwandani hutengenezwa kwa kupitisha gesi zenye kaboni, kama methani au asetilini, juu ya chembe za chuma, nikeli au kobalti katika joto la mamia ya nyuzi. Kinywe kiliwahi kutumika, na bado kinaweza kutumika, kama fimbo za kuchomea kwa cheche za umeme, lakini kiasi cha mirija kinachohitajika katika kathodi moja ni kidogo mno. Soko kubwa la kinywe liko katika betri za lithiamu na katika vifaa vinavyostahimili moto mkali. Thamani ya kinywe cha Handeni itaongezeka kwa kukisafisha na kukichambua hapa nchini hadi kifikie viwango vya soko hilo, sawasawa na msimamo wa Serikali wa kutaka madini yaongezwe thamani kabla ya kusafirishwa.

Mchango wa Tanzania katika teknolojia ya mirija-nano unaweza kuwa mkubwa zaidi upande wa maarifa. Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela iliyopo Arusha inafundisha sayansi ya vifaa, na vyuo vyetu vya ufundi vinaandaa mafundi wa vifaa tiba. Korogwe yenyewe si ngeni katika utafiti. Kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu kilichopo mjini humo kilikuwa miongoni mwa vituo 11 barani Afrika vilivyoshiriki majaribio ya awamu ya tatu ya chanjo ya malaria ya RTS,S, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwezi Oktoba 2021. Mahali palipoweza kusimamia jaribio la namna hiyo panaweza pia kupima, kwa takwimu, iwapo mashine mpya inafaa mazingira yetu ya joto, vumbi na barabara za milimani.

Sheria ipo, na inamlinda mwananchi

Mashine ya eksirei, iwe ya moto au baridi, haiingii kazini kwa sababu tu imenunuliwa. Kifaa tiba husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Umiliki na matumizi ya chanzo cha mionzi husimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, TAEC, iliyoanzishwa kwa Sheria ya Nguvu za Atomiki Na. 7 ya mwaka 2003. Tume hutoa leseni, hukagua vyumba na mashine, na hupima kiasi cha mionzi kinachowapata wafanyakazi kwa kutumia vipimio wanavyovaa kifuani.

Mashine nyepesi inaongeza uzito wa wajibu huo. Mashine iliyofungwa katika chumba chenye kuta za kinga humlinda hata mtu asiyejua hatari. Mashine iliyoletwa chini ya mwembe kijijini hulinda watu kwa nidhamu ya mtaalamu peke yake: kuweka mpaka, kuwaondoa wasiohusika, kuwauliza wanawake kuhusu ujauzito, na kusimama mbali. Umbali una nguvu kubwa, kwa maana mtu aliyesimama mita 2 kutoka chanzo hupata robo ya mionzi anayoipata aliyesimama mita 1.

Hofu isiyo na msingi nayo haina faida. Picha moja ya kifua humpa mgonjwa kiasi cha mionzi kinachokaribia milisiveti 0.1 au chini yake, wakati wastani wa mionzi ya asili ambayo binadamu hupata kwa mwaka mzima duniani ni takribani milisiveti 2.4. Mgonjwa mwenye kikohozi cha wiki 2 au zaidi, anayekataa picha kwa kuogopa mionzi, anajiweka katika hatari kubwa kuliko ile anayoikimbia.

Maswali ya kuulizwa kabla ya kununua

Kwa madiwani, timu za usimamizi wa afya na wananchi wanaohudhuria vikao, maswali yafuatayo yanaweza kuwa kipimo cha zabuni yoyote itakayotaja bomba baridi.

Kwanza, je, mashine imekamilisha taratibu za TMDA, na leseni ya TAEC imeombwa kwa kila mahali itakapotumika? Pili, bomba limedhaminiwa kwa picha ngapi au miaka mingapi, na likifa nani analeta jingine, kwa siku ngapi na kwa bei gani? Tatu, mafundi waliopo mkoani wamefundishwa, au kila hitilafu itasubiri mgeni kutoka ng'ambo? Nne, betri inapiga picha ngapi kwa chaji moja, na inastahimili joto la Handeni la mwezi Februari? Tano, picha zitasomwa na nani? Programu ya kompyuta inaweza kuchuja, lakini kivuli katika pafu si uthibitisho wa kifua kikuu. Uthibitisho hutoka katika kipimo cha makohozi, na mashine ikitangulia kijijini bila kipimo hicho kuifuata, itazalisha orodha ya wenye hofu badala ya orodha ya waliotibiwa.

Swali la sita ni la uaminifu: je, mashine ya kawaida iliyopo imeharibika kweli, au inakosa mtaalamu na matengenezo tu? Mara nyingine uamuzi bora kwa fedha za wananchi huwa ni kuajiri mtaalamu wa mionzi mmoja na kulipia mkataba wa matengenezo, kabla ya kuongeza mashine ya pili.

Hitimisho

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inalenga kumwezesha kila Mtanzania kupata huduma bila kukwamishwa na fedha mkononi. Lakini kadi ya bima haifupishi barabara ya kutoka Vugiri, wala haimpunguzii mchimbaji wa Magambazi siku ya kazi anayoipoteza. Teknolojia inayoifuata jamii ilipo ina nafasi halali katika lengo hilo, na bomba la mirija-nano ya kaboni ni mojawapo ya njia zinazostahili kuangaliwa kwa makini.

Kwa sasa, mwananchi wa Handeni au Korogwe mwenye kikohozi kisichokwisha, homa za jioni, jasho la usiku au kupungua uzito asisubiri mashine mpya. Afike katika kituo cha afya kilicho karibu naye, aeleze dalili zake na kazi anayofanya, na atoe makohozi yapimwe. Na siku tangazo la mashine ya kisasa litakapotoka katika halmashauri yake, aulize maswali hayo sita bila woga, kwa kuwa fedha zitakazoinunua ni zake.